Picha 1,800 za Harusi: Zigawe kwa Mwanga Kwanza

Ndugu mmoja wa Kisauni ameniandikia wiki hii. Amepiga harusi ya siku mbili, picha 1,800 za RAW (faili ghafi la kamera, lisilobanwa kuwa JPEG), na wiki ya tatu inaingia bado yuko mezani. Kila akimaliza kumi, akirudi kutazama za mwanzo anakuta ngozi ya bibi harusi imekuwa ya rangi nyingine. Anauliza anunue preseti gani, yaani marekebisho ya rangi yaliyotengenezwa tayari.

Ndugu yangu, usinunue. Preseti imetengenezwa juu ya mwanga wa mahali pengine, na kamera pengine si yako. Shida yako ni kwamba unahariri picha moja moja jinsi zilivyofuatana, na harusi ya Mombasa hubadilisha mwanga mara saba au nane: jua kali la uwanjani, kivuli cha baraza, nyumba ya mawe Mji wa Kale, balbu za msikitini, ukumbi wenye taa za zambarau. Kuna njia ya kuimaliza kazi hiyo kwa siku mbili, na rangi zikalingana.

Anza na kadi. Picha 1,800 za kamera ya megapikseli 24, zikiwa na megabaiti 28 hivi kila moja, ni gigabaiti 50. Kisoma kadi kizuri huzimaliza kwa dakika 10. Kile cha USB 2.0 kitakuchukua karibu nusu saa. Nakili kwenye diski mbili tofauti, kisha linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake. Usiifute kadi bado. Faili la RAW hubeba ndani yake JPEG ndogo ya kuonyeshea, na hiyo ndiyo unayoiona unapopitisha picha haraka. Stima ikipotea katikati ya kunakili, JPEG ile yaweza kuwa salama na RAW yenyewe imekatika, nawe usijue mpaka ufungue picha kwa ukubwa kamili. Iache programu itengeneze picha za asilimia 100 za kazi nzima usiku kucha. Asubuhi, kama hakuna iliyokataa kufunguka, fomati kadi ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Kama mlipiga wawili, sawazisheni saa za picha za kamera zote mbili kabla ya kuchuja. Programu kama Lightroom Classic au darktable, ambayo ni ya bure, hukuwezesha kusogeza saa za kundi zima kwa mara moja. Bila hivyo, mpangilio wa tukio utavurugika na kugawa mwanga kutakushinda.

Kisha chuja. Picha moja sekunde 2, na 1,800 zimekwisha kwa saa moja. Swali ni moja tu: inabaki au inatoka? Usiguse mwangaza, usikate pembeni. Wengi hupoteza siku nzima hapa kwa kuwa mkono unawasha kurekebisha. Lenga kubaki na robo, kama picha 450.

Sasa ndipo ugawe. Tia alama ya rangi au folda kwa kila aina ya mwanga, si kwa kila tukio. Picha za saa nne asubuhi kwenye kivuli cha mwembe na za saa tisa chini ya mwembe huo huo ni makundi mawili. Katika kila kundi chagua picha moja ya nanga: yenye uso, kitu cheupe na kitu cheusi ndani ya fremu moja. Kwetu hilo ni jepesi. Kanzu na buibui zipo kila mahali.

Chukua mfano. Bwana harusi amesimama mlangoni, mlango wa mbao za kuchonga, kanzu nyeupe, joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu. Kichochoro ni chembamba, na mkabala wake kuna ukuta uliopakwa njano. Weka kwanza profaili ya lenzi, kwa sababu huondoa giza la pembeni na hilo hubadilisha mwangaza wa fremu nzima. Kisha pitisha kishale juu ya kanzu, usome namba za asilimia zilizo chini ya histogramu, ile grafu ya mwangaza: giza kushoto, mwanga kulia. Utakuta kitu kama nyekundu 94, kijani 91, buluu 80. Buluu imeanguka kwa sababu ya ukuta ule. Ukibonyeza kidude cha kupimia weupe hapo hapo, upande wa pili wa kanzu, unaopata mwanga wa anga, utageuka buluu kama uliotiwa nili. Pima bega, panapoangukiwa na mwanga kutoka juu, kisha rudisha joto kidogo hadi buluu iwe chini ya nyekundu kwa namba 2 au 3. Kichochoro cha Mji wa Kale kina joto lake; ukiliondoa lote, picha itafanana na ya studio.

Baada ya weupe, mwangaza: mkunjo unaong'aa zaidi uwe kati ya 94 na 96, uzi wa kitambaa ukionekana. Kisha fungua joho kwa kitelezi cha vivuli, ukome mara tu mishono inapoonekana. Sasa soma shavu. Ngozi ya mtu, ya weusi wowote, hufuata nyekundu, kijani, buluu kwa kushuka. Buluu ikipita kijani, uso unakuwa na majivu au zambarau. Kijani ikikaribia mno nyekundu, mtu anaonekana mgonjwa. Kosa linaloniudhi kuliko yote mjini humu ni kuipandisha ngozi nyeusi hadi iwe ya maji ya kunde kwa kuwa histogramu "iko kushoto". Iache kushoto. Ndiko inakostahili kuwa.

Yote haya yanawezekana kwa sababu RAW ya biti 14 ina viwango 16,384 kwa kila rangi, na JPEG ina 256. Lakini kanzu iliyoungua rangi zote tatu hairudi, hata kwenye RAW. Kamera ikiona fremu imejaa mabuibui hudhani kuna giza na kuongeza mwanga. Hapo punguza theluthi mbili za stopu, kile kipimo cha mwanga cha kamera, wakati wa kupiga.

Nanga ikitulia, nakili marekebisho yake kwa kundi zima. Kila picha sasa inahitaji mguso wa mwangaza na kunyoosha mstari tu, sekunde 40 hivi. Kwa 450 hizo ni saa 5. Nanga nane au tisa za dakika 10 zitakula saa moja na nusu. Chagua 40 za albamu, uzipe dakika 6 kila moja: saa 4 nyingine. Hesabu yako ndiyo hiyo.

Kwenye hizo 40, jihadhari na hina. Hina na ngozi zote ziko kwenye machungwa na nyekundu, kwa hiyo ukivuta kitelezi cha machungwa kung'arisha uso, maua ya mkononi yanapauka na kubaki piko peke yake. Weka maski, yaani eneo ulilolichagua lirekebishwe peke yake, kwenye uso tu. Dhahabu nayo, ukiiongezea rangi, hugeuka bapa la njano lisilo na nakshi.

Taa za zambarau za ukumbini ni habari nyingine. Histogramu ya buluu inagonga ukuta wa kulia, kijani karibu haipo, na hakuna joto la rangi litakalozaa kijani ambacho sensa haikukipata. Punguza ujazo wa zambarau na buluu. Uso ukikataa, ifanye picha nyeusi na nyeupe. Michirizi ya mlalo, ikiwa inatoka kwenye taa za umeme wa kawaida, husababishwa na kasi ya shata: umeme wetu ni hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo piga kwa 1/100 au 1/50. Michirizi ikishaingia, kuisafisha ni kazi ya maski nyingi na matokeo haba.

Kunoa na kuondoa chembechembe viwe mwisho, kwa kuwa vinaelemea kompyuta. Vumbi la sensa litafute kwenye picha za ufukweni zilizopigwa f/11 kwenda juu, tundu la lenzi likiwa dogo; mbingu haifichi kitu.

Skrini isiwe na mwanga kupita kiasi. Ukihariria kwenye skrini kali, picha zitatoka kwa mchapishaji zikiwa na giza. Toa zote kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa simu na skrini: pikseli 2048 upande mrefu kwa simu, na kwa inchi 8 kwa 12 pikseli 2400 kwa 3600. Chapisha 2 za majaribio kabla ya albamu nzima, moja ya kanzu na moja ya uso. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo zitume kama hati.

Na picha za kupamba na za usiku wa hina, ambazo akina mama wamevua buibui, ziwe na folda yake tangu siku ya kadi. Zisiingie kwenye kiungo kimoja na za wanaume, wala kwenye ukurasa wako wa kazi bila ruhusa ya wenyewe. Zitie kwenye flashi ya peke yake, iliyoandikwa, na umkabidhi bibi harusi au mamake mkononi.