Funza wengi vile kwa siku nne tu?

SWALI: Shikamoo Mama. Mjomba wangu alitoka nyumbani Jumatatu asubuhi, na mwenye duka aliongea naye siku hiyo hiyo. Ijumaa jioni akakutwa shambani amefariki. Mwili ulijaa funza, wazee wakasema maiti ya namna ile ni ya wiki nzima. Sasa mwenye duka anaitwa mwongo. Je, siku nne zinatosha?
Msomaji, Handeni

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Zinatosha. Nimefuga nzi maabara miaka mingi, na inaniuma kusikia mtu anaitwa mwongo kwa sababu ya wingi wa funza. Nzi wa kijani anaweza kuifikia maiti dakika chache tu baada ya kifo. Hutaga kwenye macho, pua, mdomo au penye jeraha, na jike mmoja hutaga mamia. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, mayai huanguliwa kabla siku haijaisha, na siku ya nne au ya tano funza wameshanenepa. Tena wakisongamana, joto lao wenyewe hupanda kuliko la hewa, wakazidi kukua haraka.

Kwa hiyo wingi haunielezi kitu. Mimi hutafuta umri. Mweke funza chini ya hadubini umtazame upande wa mkiani: ana matundu mawili ya kupumulia. Wa hatua ya pili ya ukuaji ana mipasuko miwili kwenye kila tundu, wa hatua ya tatu ana mitatu. Ukishajua hatua, aina ya nzi na joto la mahali pale, ndipo unapiga hesabu.

Mwaka 1935, huko Scotland, mabaki ya wanawake wawili yalikutwa kwenye korongo karibu na Moffat tarehe 29 Septemba. Dk. Alexander Mearns wa Chuo Kikuu cha Glasgow alikadiria kuwa funza waliokuwamo walikuwa na siku 12 hadi 14. Hesabu hiyo iliafikiana na siku ambazo mke na mtumishi wa Dk. Buck Ruxton, daktari wa mjini Lancaster, walitoweka. Daktari huyo alipatikana na hatia ya mauaji, akanyongwa mwaka uliofuata. Kule ni baridi. Kwenye joto la kwenu, siku 14 zingetosha nzi wapya kutoka kwenye pupa, yaani ganda gumu ambamo funza hugeuka nzi, na kuruka.

Lakini hesabu hii huanzia mayai yalipotagwa, si mtu alipokata roho. Nzi kwa kawaida hatagi usiku, na maiti iliyofungwa kwenye turubai au nyumbani huchelewa kufikiwa. Ndiyo maana mtaalamu mkweli husema “si chini ya siku kadhaa”, basi.

Muulizeni mpelelezi kama funza walichukuliwa. Inavyotakiwa, wale wakubwa kabisa huuawa kwa maji ya moto na kuhifadhiwa kwenye spiriti, wengine hufugwa kwenye ini hadi wawe nzi ili aina ijulikane, na udongo wa chini ya mwili huchambuliwa kutafuta pupa. Kama havikuchukuliwa, ombeni picha za siku ile zenye saa, pamoja na rekodi za joto za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Maganda matupu ya pupa yangekutwa Ijumaa ile, wazee wangekuwa na hoja. Funza peke yao hawampingi mwenye duka.