Re: Data ya Python inatoka mstari mmoja mrefu, haisomeki

Mambo mkuu. Kama nimekupata, data yako ukiiprinti inatoka mstari mmoja mrefu balaa, huoni kipi kiko ndani ya kipi. Kwanza cheki type(data), maana ikiwa ni str (maandishi matupu) basi huenda hayo bado ni maandishi ya JSON (muundo wa kuandika data kama maandishi), yapitishe kwenye json.loads la sivyo hakuna kitakachojipanga. Ikishakuwa dict (data ya funguo na thamani zake) au list (orodha), weka from pprint import pprint (kifaa cha Python cha kuprinti data kwa mpangilio) halafu pprint(data, sort_dicts=False), na hiyo sort_dicts (ipo kuanzia Python 3.8) usiiache, bila hiyo inakupangia funguo kialfabeti, inakera kweli. Bado ndefu? ongeza depth=2, ionyeshe ngazi mbili tu za ndani. Mi binafsi napenda zaidi print(json.dumps(data, indent=2, default=str)), hiyo default=str inaokoa kwenye tarehe kwa kuzigeuza maandishi, maana JSON yenyewe haizipokei, ila funguo za namba zitageuka maandishi.