Jogoo na kioo cha gari

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini jogoo wako wa Ngamiani, Tanga, anakidonoa kioo cha gari, na kama wapo wanyama wanaojitambua kwenye kioo. Jogoo wako hana wazimu. Anapokidonoa kioo cha gari anaona jogoo mwenzake aliyeingia kwenye himaya yake. Kifunike kioo kwa kitambaa, atatulia.

Na ndiyo, wapo wanyama wanaojitambua. Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Gallup, aliwapaka sokwe rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Walipozinduka na kujitazama kwenye kioo, walizigusa alama zile usoni mwao wenyewe, si kwenye kioo. Watoto wetu wengi hufika hapo wakiwa na miezi 18 hadi 24.

Linalonishangaza mimi ni samaki msafishaji, yule mdogo mwenye mstari mweusi anayekula wadudu miilini mwa samaki wengine. Yumo hata kwenye matumbawe yetu huku Tanga. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kuwa akiwekewa alama kooni na kuiona kwenye kioo, hujisugua koo chini kama anayejitoa mdudu. Samaki wa kidole tu! Wataalamu bado wanabishana, lakini mimi nimeshawishika.

Mbwa usimpime kwa kioo, yeye hujijua kwa pua.