Oda za vinywaji kwa mfumo: tengeneza orodha kwanza, programu baadaye

"Boss, orenji 5, koka 3, maji makubwa 10." Hiyo ni meseji ya kawaida ya mwenye duka wa Mbagala kwa msambazaji wake. Karani mzoefu anaielewa palepale: orenji 5 ni kreti, na maji makubwa ya huyu ni katoni za lita 1.5, ingawa jirani yake akisema hivyohivyo anataka madumu. Mfumo haujui hayo. Usipoufundisha, oda zitakosewa kuliko enzi za daftari.

Kwa hiyo kabla ya kulipia programu yoyote, kaa na karani huyo mtengeneze orodha ya bidhaa. Koka ya chupa ya kioo iwe na namba yake, ya plastiki namba nyingine. Kila moja iandikiwe kipimo cha kuuzia, idadi iliyomo na majina ambayo wateja huiita. Stoo ihesabiwe kwa chupa, mfumo ndio ugeuze: kreti 10 za chupa 24 ni chupa 240. Pasiwe na njia ya kuchapa "10" bila kuchagua kipimo. Kosa hilo moja ndilo linalotoa kreti 10 kwa bei ya chupa 10.

Kinachosahaulika zaidi ni tupu, yaani chupa na kreti zisizo na kinywaji, na huko ndiko mtaji unakovuja. Soda ya kioo ina vitu vitatu: kinywaji, chupa na kreti. Tupu ziwe bidhaa kamili ndani ya mfumo, na kila mteja awe na salio la tupu lililo mbali na deni lake la fedha. Dereva asiondoke mlangoni kabla hajaingiza zilizojaa alizoshusha, tupu alizopokea na chupa zilizovunjika, na mteja athibitishe. "Nitarudisha kesho" nayo iingizwe kama deni. Kreti 3 zisiporudi kila siku, kwa siku 26 za kazi ni kreti 78, yaani chupa 1,872 ambazo utazitafuta siku unayokwenda kiwandani kuchukua mzigo mwingine.

Oda ikithibitishwa, mzigo wake ushikiliwe hapohapo, usisubiri kupakiwa. Ukiwa na kreti 40, mteja wa kwanza akachukua 25, wa pili aone 15 tu. Bila hivyo nyote mtagundua upungufu gari likiwa limeshafika kwa mteja. Kwa maziwa na juisi, mfumo uelekeze stoo kutoa kinachokaribia kuisha muda, hata kama kiliingia jana.

Kuhusu madeni, usiweke mfumo unaokataa tu. Duka lenye kikomo cha shilingi 800,000, linadaiwa 650,000 na limeagiza za 240,000, litavuka kwa 90,000. Oda hiyo isimame, iende kwa msimamizi aamue.

Mtandao utakatika, hilo lipange mapema. Simu ya afisa mauzo iipe oda namba ya pekee kabla ya kuituma, na mfumo ukatae namba iliyokwisha kuingia. La sivyo atabonyeza mara mbili na duka litapelekewa mzigo mara mbili. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nayo ikishatoka haifutiki, hivyo oda zifungwe saa 10 jioni na marekebisho yafanyike kabla ya risiti. Mteja akikataa kreti 2 mlangoni, andaa hati ya marejesho siku hiyohiyo.

Jaribu kwa gari moja na njia moja kwa wiki 2, daftari likiendelea sambamba. Kila jioni linganisha kreti zilizotoka, tupu zilizorudi na fedha, za mkononi pamoja na za lipa namba. Gari la pili lisiingie kwenye mfumo mpaka hesabu hizo tatu zilingane siku 6 mfululizo.