Rafiki wa Gati ya Karamja

Swali la wiki: Je, mtu uliyekutana naye kwenye mchezo wa mtandaoni tu, bila kumwona uso, unaweza kumwita rafiki?

Mhariri, asalamu alaykum. Mimi namwita rafiki, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mtu.

Niko Wete, nashona kofia za viua. Mchezo wangu ni Old School RuneScape, wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa 2013 kwa kurudisha RuneScape ya awali ilivyokuwa 2007, ndiyo maana picha zake ni za kizamani, na tangu 2018 unachezeka kwenye simu. Mwenye pupa hauwezi. Kila tendo huenda kwa mapigo ya sehemu 6 za kumi za sekunde, kwa hiyo hata mtandao ukisuasua huku Pemba, hupitwi na mengi.

Nilichokishika mimi ni uvuvi. Kamba koche huwapati mpaka ufike ngazi ya 40 ya uvuvi. Unapanda chombo Port Sarim, bandari ya humo mchezoni, kwa sarafu 30 za humohumo, unashuka kisiwa cha Karamja, unatega dema gatini, basi. Mtu wako wa mchezoni anavua mwenyewe, wewe unaendelea na sindano, unainua macho mzigo ukijaa, maana nafasi ni 28 tu. Sasa watu waliosimama gati moja saa nzima watafanya nini kama si kuzungumza? Maneno yanatokea kwa rangi ya njano juu ya kichwa cha msemaji, nawe unajibu ukishamaliza kiua. Ndivyo nilivyojuana na mama mmoja wa Ufilipino. Uzi ukipanda bei anajua, na mwanawe akiwa kwenye mitihani najua. Kiingereza chetu sote ni cha skuli, kinatutosha.

Wifi yangu huniuliza, "Utajuaje kama si tapeli?" Ana haki ya kuuliza. Matapeli wamejaa, wapo wanaosimama soko la Varrock, mji wa humo mchezoni, wakinadi: nipe dhahabu nikurudishie maradufu. Siku moja alikuja mgeni pale gatini, akanisifu weee, akataka nivae silaha zangu bora nimfuate Wilderness, kaskazini, eti kuna mali. Huko mchezaji mwenzio anaweza kukuua. Ukifa, kwa kawaida unabaki na vitu 3 vya thamani kubwa kuliko vyote, vingine anachukua yeye. Kabla sijajibu, shoga yangu akaniandikia faraghani: "Weka vyote benki kwanza. Kama bado anakutaka, nenda." Nikaenda benki ya humo mchezoni, nikarudi na dema tu, nikamwambia mgeni twende. Aliondoka hata kuaga hakuaga.

Yule mama angenyamaza asingepungukiwa na kitu, na wala hakuniomba shukurani. Wapo ninaopeana nao mikono kila siku ambao sina hakika kama wangenitahadharisha. Sasa yeye ameshavuka ngazi ya 50, anachoma nduaro kwa chusa, nami bado na dema langu, lakini samaki hao wote hupatikana palepale, kwa hiyo hatujatengana.

Picha, namba ya simu na jina langu kamili hana, hajaniomba, nami sijamwomba. Nawasisitizia mabinti wanaoanza leo: mtu akitaka picha ndipo akupe dhahabu, usibishane naye. Orodha ya kuwazuia watu imo humohumo mchezoni, mtie jina lake, endelea kuvua.