Tezi za adrenali huchoka?

SWALI: Mwaka wa pili sasa nina msongo wa mawazo. Usiku nakodolea macho dari, asubuhi naamka hoi, na kitambi kimeanza. Nimeambiwa tezi zangu za adrenali zimechoka, nauziwa vidonge vya kuziamsha. Ninywe?

JIBU: Usivinywe. Tezi hizo mbili, kila moja ya gramu 4 hivi, zimekaa juu ya figo kama kofia, na msongo wa mawazo hauzimalizi nguvu. Zenyewe hufuata amri: hipothalamasi iliyo ubongoni huiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari hutoa homoni ya ACTH, ndipo tezi za adrenali zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Kasoro huwa kwenye amri isiyokoma.

Kotisoli hupanda alfajiri na hushuka kabisa karibu na saa sita usiku. Mwenye mawazo mengi huenda kitandani ingali juu, usingizi usije. Tena kotisoli hulisukuma ini limwage sukari kwenye damu, huongeza hamu ya kula na kurundika mafuta tumboni. Adrenalini, homoni nyingine ya tezi hizo, nayo hupandisha presha. Basi pima presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Uchovu mwingi hujificha humo. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala, utoke nje kwenye mwanga. Kahawa iishe mchana.

Kinachotutia hofu ni kwamba jina hilo la "tezi zilizochoka" hufunika ugonjwa wa kweli wa tezi kushindwa kutoa kotisoli ya kutosha, ule alioueleza daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855. Mwenye ugonjwa huo hukonda, hupata kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi, na mikunjo ya viganja na fizi huwa nyeusi kuliko zamani. Hupimwa kotisoli ya saa mbili asubuhi. Jibu lisipoeleweka, hudungwa mikrogramu 250 za ACTH ya kutengenezwa, damu ichukuliwe tena baada ya dakika 30 na 60.

Na vidonge vyenyewe? Baadhi vimekutwa na steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Ukizinywa wiki kadhaa, ubongo huona kotisoli imetosha, huacha kutuma ACTH, na tezi husinyaa. Hapo ndipo kweli hulala! Kwa hiyo kama umeshavinywa kwa wiki tatu au zaidi, usiviache ghafla: presha inaweza kuporomoka, ukatapika na kuzimia. Chukua kopo lake, umwone daktari leo, akupangie namna ya kupunguza.