Hosteli, kubebana na blanketi la Njombe

Mdogo wangu kapata chuo Dar, tangu juzi ananipigia kuuliza abebe nini hosteli, nikaona bora niandike hapa na wengine msome.

Blanketi acha nyumbani. Mimi nilishuka pale stendi ya mabasi ya Magufuli, Mbezi, mwezi wa 11 na blanketi zito la Njombe, mama kalishindilia kwenye shangazi kaja, usiku wa kwanza joto lile nikalala na khanga niliyoilowesha maji na bado jasho linanitoka. Blanketi likaishia kuwa la kupigia pasi, chumba kizima, mpaka tunamaliza. Beba chandarua, kufuli ya kabati, ekstensheni ndefu (soketi moja, simu kumi, utaona) na ndoo mbili za mfuniko, maana maji yakikatika na wewe uko ghorofa ya nne ndo utajua ndoo ni mali. Iandike jina, ingawa itaazimwa tu.

Bumu nalo, yaani hela ya mkopo wa chuo. Hela ya kula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku ila inakuja ya wiki kadhaa kwa mpigo, wiki ya kwanza kila mtu tajiri, chipsi kuku, nywele, viatu vya soko la Karume, baadaye mnaulizana nani ana buku. Mimi likiingia tu nilikuwa namwachia mama ntilie hela ya mwezi mzima, akanitunzia daftari, na hapo ndo nilipona.

Sasa kubebana, yaani kumlaza kitandani kwako mwenzio aliyekosa chumba. Chumba chetu cha watu wanne tulikuwa saba. Mimi nilimbeba dada mmoja wa kwetu aliyekosa chumba, kaniambia "wiki mbili tu dada angu", zikawa mwaka. Kitanda kile chembamba tunalala mzungu wa nne, miguu yake iko usoni kwangu, na mimi naona aibu kusema, naona aibu kuuliza hela ya chumba tutachangiaje, nikanyamaza nikanyamaza, halafu siku moja asubuhi nina tesiti nakuta kafulia maji yangu yote ya ndoo, nikalipuka mpaka chumba cha jirani wakatoka na miswaki mdomoni. Yote ya miezi minne nikayatapika kwa sababu ya ndoo ya maji! Kumbe angeambiwa siku ya kwanza angetoa nusu bila neno, alinijibu hivyo mwenyewe, na jioni akaitoa.

Kwa hiyo mdogo wangu bebana tu, ila usiku uleule wa kwanza mkae kitandani muongee: mpaka lini, nani analipa nini, begi lake linakaa wapi, wageni saa ngapi mwisho. Ukisubiri mzoeane ndo inakuwa ngumu zaidi.

Yule dada ndo aliyenipakia bajaji saa nane usiku nilipozidiwa na malaria, akakaa zahanati mpaka kunakucha. Siku hizi anaishi Tabata, na moja ya ndoo zangu bado anayo, jina langu halijafutika.